Tlalane wa Thaba-Phofu, Aliyekataa Kumhukumu Mama Yake

Alizaliwa mwezi wa Juni mwaka wa 1881 katika kijiji cha Ha Ramatla, juu ya bonde la mto Senqu, katika nchi ya Wasotho, theluji ikiwa imeziba njia zote za kushuka bondeni. Vita vya bunduki, Wasotho walipokataa kunyang'anywa silaha zao na serikali ya kikoloni, vilikuwa vimekwisha majuma machache tu nyuma, na kwa kuwa wanaume walikuwa vitani wakati wa kulima, vihenge vilikuwa vitupu. Ndiyo maana baba yake, Petrose Mokhothu, aliyekuwa mzee wa kanisa, alimwita Tlalane, jina wanalopewa mabinti waliozaliwa wakati wa njaa. Mama yake hakuishi kulisikia jina hilo. Siku ya tatu baada ya mazishi, jirani wa nyumba ya juu, aliyeitwa Mamolise, ambaye juma lile lile alikuwa amemzika mtoto wake mchanga, alishuka akikanyaga theluji, akamkuta Petrose akimlambisha mtoto uji kwa kidole. “Ntate, huyo si ndama,” alimwambia, akimwita baba kwa heshima. “Hebu mlete hapa.” Akaketi juu ya ngozi ya ng'ombe, akampa titi. Alimnyonyesha miaka miwili kamili na hakudai kitu.

Mamolise hakuwa amebatizwa, na haikuwa kwamba hakutaka. Alikuwa mke wa pili, na kanisa la siku zile lilimtaka mke wa pili amwache mumewe kwanza ndipo aingie darasa la ubatizo. Kila mwinjilisti aliyepita kijijini alimweleza sharti hilo, naye alimpa kila mmoja jibu lile lile: “Nimwachie nani? Mgongo wake umekwisha, na mke mwenzangu haoni.” Kisha aliwakaribisha uji mchachu wa mtama, wakanywa, wakaenda zao.

Tlalane alisoma katika shule ya misheni ya Thaba-Phofu, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka kwao, na alipokuwa na miaka kumi na sita ndipo alipopata wito wake. Mwaka huo, 1897, sotoka iliua ng'ombe wa nchi nzima. Molise, mwana wa Mamolise, alikwenda Kimberley kuchimba almasi, na baada ya miezi saba ikaja barua ya mistari minne. Tlalane alimsomea mama yule. Alipofika mwisho, Mamolise alibaki akiiangalia ile karatasi.

“Hasemi anakula nini?”

“Hakuandika, Mama.”

“Wala analala na nani chumba kimoja?”

“Hakuandika.”

“Basi niambie wewe. Wewe si umekua naye?”

Tlalane akaishika barua vile vile, kana kwamba bado anasoma, akasimulia jinsi Molise anavyowachagulia wenzake nyimbo, anavyolalamika kuhusu ugali wa kule, anavyomcheka msimamizi akigeuka mgongo. Mamolise alicheka hadi akafuta macho. “Najua kwamba hayamo humo,” alisema, “lakini ndiye yeye mwenyewe kabisa.” Binti yule alirudi nyumbani amejaa hofu kwamba ametenda dhambi. Jumapili alimwendea Mwinjilisti Sempe kuungama uongo. Sempe alimsikiliza, akamuuliza kama mama alijua. Alijua, akajibu. “Basi hukumdanganya,” alisema Sempe. “Umemsaidia kumwona mwanawe. Sasa jichunge, maana si kila anayeweza kufanya hivyo atafanya kwa upendo.” Maneno hayo Tlalane aliyahesabu kuwa ndiyo wito wake, na hakuwahi kuyasimulia bila kusimama wima.

Alihitimu ualimu mwaka wa 1901, akapewa darasa la wadogo pale pale Thaba-Phofu. Hakuolewa. Ntate Lebitsa, mfugaji mjane mwenye mdomo, alimpigia kelele kila alipopita: “Mwalimu, ng'ombe wa mahari wananenepa bure! Watazeeka wakikungoja!” Naye alikuwa akimjibu, “Wachinje, Ntate, unialike kwenye nyama.” Hakika hakuwa mtu wa uso mkavu. Watoto waliofundishwa naye wamesimulia kwamba darasani kwake kulikuwa na kicheko kila siku na fimbo mara chache.

Mamolise alifariki mwaka wa 1909, akazikwa nje ya ukuta wa makaburi ya kanisa, kama ilivyokuwa desturi kwa wasiobatizwa. Jumamosi iliyofuata Tlalane alianza kuandika. Aliketi amekiegemea kiambaza cha mawe cha zizi, upande unaopigwa na jua, blanketi magotini, akaandika kwa Kisotho nyuma ya madaftari ya mahudhurio yaliyokwisha muda. Vitabu vya lugha hiyo vilikuwa vichache, na vingi vilikuwa vya ibada au vya hesabu za shuleni. Yeye aliandika riwaya ya mwanamke jirani, akaiita “Nyumba ya Juu”. Jina la mwanamke alilibuni, na mbuzi wake, na wajukuu, na safari aliyokwenda kumtafuta mumewe aliyevunjika mgongo. Ilimchukua miaka miwili.

Mwezi wa Machi mwaka wa 1911 aliupeleka mswada kwa Mchungaji Delorme, Mzungu aliyesimamia kiwanda cha uchapaji cha misheni. Huyu hakuwa mtu mbaya. Kisotho chake kilikuwa safi, na wagonjwa aliwatembelea kwa farasi hata wakati wa baridi kali. Aliusoma mswada kwa siku nne, kisha akamwita.

“Nimelia,” alimwambia. “Nasema kweli. Lakini msomaji akimaliza kitabu hiki atauliza, ubatizo basi ni wa nini? Mbatize kabla hajafa. Ukurasa mmoja tu, Mwalimu.”

“Hakubatizwa, Mchungaji.”

“Lakini hii ni riwaya! Unaweza kuandika unachotaka.”

“Naweza kubuni jina lake na mbuzi wake. Hilo siwezi.”

“Basi onyesha kwamba alipotea. Andika kwamba alikufa bila tumaini.”

Tlalane aliweka mkono juu ya mswada, mafundi wakipanga herufi chumba cha pili. Kisha akasema maneno ambayo leo waumini wa Thaba-Phofu wanayajua kwa moyo: “Mungu hakunipa kazi ya kumhukumu. Amenipa kazi ya kusema alichotenda. Nikiiacha hiyo, sitakuwa na nyingine.”

Kitabu hakikuchapwa. Mwaka uliofuata baraza la wazee liliambiwa kwamba mwalimu yule anawasimulia wanawake hadithi inayodharau ubatizo. Mikono iliinuliwa, akaondolewa shuleni na kuzuiwa Meza ya Bwana kwa miaka mitatu. Wengi walitazamia kwamba angehama, au angejiunga na kanisa jingine lililokuwa ng'ambo ya bonde. Hakufanya hivyo. Kila Jumapili alikuja na blanketi lake lililopigwa pasi, akaketi benchi la mwisho karibu na mlango, akaimba sauti ya pili. Alipoulizwa kama hana aibu, alisema, “Nyumba ni ya Baba yangu. Kaka zangu wakinikasirikia, nitakaa jikoni.”

Mswada haukurudi kwa mwenyewe, kwa kuwa mpanga herufi wa kiwandani aliyeitwa Nkopane aliomba kuuhifadhi nyumbani kwake, akiamini kwamba siku moja utahitajika. Tlalane naye aliishi kwa jembe na mkasi. Wakati wa palizi alikwenda na wanawake katika mashamba ya mtama, na wakati wa kunyoa mbuzi wa manyoya alikaa kwenye vibanda vya kunyolea pamoja nao, na mikono ikiwa kazini alisimulia “Nyumba ya Juu”, sura kwa sura. Wanyoaji wanaume walidhihaki mwanzoni: “Jamani, kimya! Mchungaji wa mbuzi anahubiri!” Msimu wa tatu walikuwa wanasogeza viti. Wanawake walioolewa mbali waliondoka na sura walizozipenda.

Mwezi wa Oktoba mwaka wa 1918 homa ile kubwa iliingia kutoka migodini. Tlalane alizunguka nyumba kumi na tisa akiwapa wagonjwa maji na uji, na hakuugua. Nkopane alikufa katika juma la pili, na kwa amri ya usafi, vitu vyote vya nyumba yake vilichomwa uani, mswada ukiwemo. Mjane wake alikuja kumwambia. Tlalane alimshika mikono akamuuliza kama watoto wamekula. Alipobaki peke yake alilia mchana kutwa, na mwenyewe alikiri baadaye kwamba siku hiyo alimwambia Mungu maneno makali.

Mwaka wa 1927 usimamizi wa kiwanda ulikabidhiwa kwa Msotho, Mchungaji Phaloane, ambaye mkewe alikuwa ameisikia hadithi ile katika palizi. Alipanda hadi Ha Ramatla kuomba mswada. Tlalane alikuwa na umri wa miaka arobaini na sita, na macho yake yalikuwa yameanza kufunikwa na ukungu. Akamweleza kilichotokea. “Nimejaribu kuirudia,” alisema. “Sura ya tano imenitoka. Ya tisa pia, na nusu ya ya kumi na mbili.”

Mamokhele, mnyoaji mkongwe aliyekuwa ameketi mlangoni akichambua mboga, aliinua kichwa. “Haijakutoka. Ya tano iko kwa Makobeli, ng'ambo ya mto. Huisimulia kila mwaka.”

Mwezi wa Mei mwaka uliofuata, mavuno yakiwa yamekwisha, walikuja. Walikuja kwa miguu na kwa farasi, wanawake thelathini na mmoja kutoka vijiji kumi na viwili, wakaketi katika uwanja wa shule majuma matatu, Phaloane akiandika. Haikuwa kazi ya kimya. Tlalane alipotamka kwamba mvua ilinyesha siku ya mazishi, Mamokhele alimkata kauli.

“Mvua ya mawe, Mwalimu.”

“Mamokhele, mimi ndiye niliyeandika.”

“Uliandika, ukatupa sisi. Tumekaa nayo miaka kumi na tano. Mvua ya mawe, na mtama ukalala.”

Wote waliitikia kwamba ni kweli, na Tlalane akacheka, akasema iandikwe mvua ya mawe. Siku nyingine Makobeli alisimulia jinsi yule jirani alivyomwimbia mumewe aliyevunjika mgongo akimgeuza kitandani. Tlalane alisikiliza hadi mwisho, akauliza, “Hiyo ni ya nani? Si yangu.” Makobeli aliinamisha uso, akakiri kwamba aliitunga mwenyewe alipokuwa akimuuguza mumewe. “Iandike, Mchungaji,” alisema Tlalane. “Ni nzuri kuliko zangu.”

Likabaki baraza la wazee. Phaloane aliwasomea sura ya mwisho, mwanamke yule akifa bila ubatizo na bila hukumu, akaketi akingoja pingamizi. Aliyesimama alikuwa Azariele, mzee wa miaka sabini, aliyekuwa wa kwanza kuinua mkono mwaka wa 1912. “Mama yangu pia alikuwa mke wa pili,” alisema. “Sijawahi kumtaja humu ndani. Chapeni.” Kitabu kilitoka mwezi wa Agosti mwaka wa 1928, nakala mia tano, nacho kikaisha kabla ya Krismasi. Mwaka uliofuata vijana wa kanisa waliubomoa ukuta wa makaburi upande wa mashariki, wakaujenga upya mbele zaidi, na makaburi ya nje, la Mamolise na mengine kumi na manne, yakawa ndani.

Tlalane alirudishiwa darasa lake akiwa karibu kipofu, akafundisha kwa kumbukumbu. Alifariki Jumamosi asubuhi, tarehe 15 Septemba mwaka wa 1934, miti ya fyulisi ikiwa na maua. Phaloane alikuwa kando yake, akamuuliza kama aombe. “Omba,” alisema, “lakini usinipambe.” Mchungaji akaomba kwa ufupi, na aliposema amina, Tlalane alikuwa ameondoka.

Yasimuliwayo juu yake ni mengi. Wako wanaosema kwamba mto Senqu ulipofurika na kuibeba nyumba ya Makobeli, kitabu chake kilikutwa kikavu juu ya jiwe. Mwanamke wa Ha Ramatla ameshuhudia kwamba uchungu wake wa siku mbili ulilegea alipoanza kusomewa sura ya tano. Kanisa halijatamka neno juu ya mambo hayo, nasi, tukikumbuka alichomwomba mchungaji wake, tunayaandika kama tulivyoyapokea. Lakini la wale wanawake thelathini na mmoja halina shaka, maana kumi na wawili kati yao tumewaona na kuwasikia.

Ewe msomaji, huenda hujapewa kalamu. Ulimi unao, na jirani unaye, na siku itafika utakapotakiwa umseme vibaya kidogo ili mambo yako yanyooke. Siku hiyo sema alichotenda, kisha unyamaze.