Vidole Vinne Mezani

Tajiri wangu hakupenda tarakimu nyingi. Nilipomtengenezea ripoti ya duka, ya kufungua kwenye simu yake popote alipo, aliniambia hataki kuona pointi. Nami, kwa ujuaji wangu wa chuoni, nikakata pointi kwenye kila mauzo kabla ya kujumlisha. Mteja aliyenunua mita mbili na nusu akasomeka mbili. Ningejumlisha kwanza ndipo nikate, isingepotea hata mita moja kwa siku. Sikuliwaza hilo, nilifurahia skrini safi.

Duka lilikuwa la vitambaa, Kariakoo, upande wa Msimbazi. Mbele waliuza majora mazima, na huko hapakuwa na nusu ya kukata. Nyuma palikuwa na meza ya rejareja, na mkataji alikuwa mama mmoja wa Lindi aliyeianza kazi ile mimi nikiwa shule ya msingi. Wateja wake walikuwa mafundi cherehani. Mita na nusu, mbili na nusu, siku nzima.

Mwezi wa kwanza ripoti ikasema meza yake ina upungufu. Kitambaa kilikuwa kimetoka kingi kuliko mauzo yaliyosomeka, kwa hiyo kilionekana kimeibwa. Tajiri hakugomba. Alimwonyesha simu, akamwambia taratibu kwamba mwisho wa mwezi ataangalia tena. Upole ule ulinitisha. Mama alirudi mezani akapima kipande kilekile mara tatu.

Mwezi wa pili upungufu ukashuka. Tajiri akaniambia kwamba mwizi akijua anaonekana hushika adabu. Mimi nikaingiwa na wasiwasi, maana upungufu haujitibu wenyewe. Nikachukua risiti za siku moja, nikazijumlisha kwa mkono, nikaliona kosa langu. Niliona aibu, kisha furaha, kwa kuwa mama alikuwa amepona. Nikageuza mpangilio: kujumlisha kwanza, kukata mwisho, kwa miezi yote miwili. Kiherehere kikanituma nimwite tajiri aje ashuhudie.

Mwezi wa kwanza ukasoma sifuri. Mwezi wa pili ukaonyesha kitambaa cha ziada kwenye meza ya mama, mita nyingi.

Tajiri alielewa kabla yangu. Alienda mezani, akachukua kipande ambacho fundi mmoja alikuwa ndiyo kwanza amekatiwa, akakilaza juu ya rula ya chuma. Kilipungua vidole vinne.

Mama hakukana. Alisema alimpunja kila mteja kidogo ili ule upungufu uzibike. Alijua hakuiba, lakini simu ilisema ameiba, na hakuona njia nyingine ya kubaki na kazi.

Nikasema kosa ni langu, kwamba tangu mwanzo hapakupotea kitu. Nikarudia.

"Hesabu ulikosea wewe," tajiri akaniambia. "Mkasi aliushika nani?"

Mama akaambiwa asirudi kesho. Alipokuwa akifunga mtandio, aliniuliza kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo mwanangu, mwezi ule wa kwanza nilikuwa sawa?"

"Ulikuwa sawa, mama."

Akaitikia kwa kichwa, akapita katikati ya majora akatoka.

Mimi nilibaki na kazi yangu. Mpaka leo tajiri huwasimulia wenye maduka wenzake jinsi ripoti yangu ilivyomnasa mwizi, nami husimama palepale nikisikiliza.