Mti Ambao Haukusemwa Mezani

Siku yangu ya kwanza kazini nilishuka stendi ya basi ya Msamvu na mabuti ya shamba ndani ya mfuko, maana nilijua nimeajiriwa kuwa bibi shamba, mshauri wa wakulima. Mkuu wa Kituo cha Kilimo aliyatazama mabuti yangu, akafungua droo, akanikabidhi dadu mbili.

"Haya ndiyo majembe yako," alisema. "Wakulima wamechoka kuhutubiwa. Wewe utacheza nao."

Nilidhani ananitania. Nilistaafu mwaka jana, na mpaka leo napata taabu kuwaeleza majirani kazi niliyokuwa nafanya. Nilikuwa mwongoza mchezo. Wakulima hukaa kuzunguka meza, na kila mmoja huchukua mhusika, yaani mtu wa kubuni, ili amsemee na kumwamulia mambo. Kujichezea mwenyewe ni marufuku: mzee atakuwa mama kijana, mfugaji atakuwa mkulima wa mboga. Mwongoza mchezo huwaeleza kijiji kilivyo, wachezaji husema wanachofanya, na dadu huamua mvua. Hakuna anayeshinda. Tulitaka watu wapatane kwanza katika kijiji kisichokuwepo, ili wakirudi kwenye chao wasione ajabu kupatana.

Nilianzia kazi Gairo. Mkuu wa Kituo alishikilia kwamba lazima pawe na mchoro mezani, la sivyo kila mtu ataona lake. Nikachora. Kabla hata mvua ya kwanza haijanyesha, wakulima wawili wa karanga walikuwa wamekunjiana uso kwa sababu ya mstari mmoja mwekundu uliofanana na mpaka wao. Nikawaambia ni wa kubuni tu.

"Kama ni wa kubuni, usogeze basi," alisema mmoja.

Nikausogeza. Yule mwingine akachukua baiskeli yake akaondoka.

Baadaye tuliletewa Mratibu wa Mafunzo, mama mmoja mkavu asiyependa maneno mengi, naye akaitupa michoro yote. Kanuni yake ilikuwa fupi: kilichosemwa mezani kipo, ambacho hakijasemwa hakipo. Mto kichwani mwangu ni mwembamba, kichwani mwako ni mpana, na hilo halitusumbui mpaka mtu atake kuvuka. Hapo ndipo tunausema, na ukishasemwa unakuwa mto wa wote. Niliipenda kanuni ile na bado naipenda, kwa sababu ilinipa usingizi.

Ndipo nikahamishiwa Mlali. Kulikuwa na kijito kinachokauka kwa sababu watu walilima mpaka kwenye kingo zake, na mapatano tuliyoyatafuta yalikuwa kuziacha zile kingo. Shamba kubwa la juu lilikuwa la Bi Zuhura, alilolipata kwa upande wa mama kama ardhi inavyokwenda kule milimani. Bila yeye, mapatano yangekuwa porojo.

Bi Zuhura alicheza kijana muuza mboga, nyumba yake ikiwa kwenye kona ya mto. Alicheza vizuri, tena kwa furaha, mpaka ilipofika zamu ya Salumu. Salumu alikuwa binamu yake, na binamu ni mtani, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka alipoanza.

"Binamu, msimu huu njaa imenibana. Nafyeka kingo zote mpaka kwako kwenye kona. Nakuachia mlango tu wa kutokea."

Watu wakacheka. Bi Zuhura hakucheka. Alivuta kanga yake usoni, na ilituchukua muda kutambua kwamba analia.

"Umenikatia mfenesi wangu," alisema.

"Mfenesi gani? Bibi shamba, kuna mfenesi hapo?"

Nikajibu kama kanuni inavyotaka, kwamba haujasemwa katika mchezo. Kisha nikamgeukia mwenyewe. "Bi Zuhura, useme sasa. Ukiusema tu, upo."

"Nikiusema utakuwa wenu. Mtauliza nani kaupanda, mtaukwea, mtachuma. Mimi niko nao tangu tuanze. Nakaa chini yake na watu wangu. Siusemi."

Akasimama, akaanza kutafuta viatu vyake. Mratibu, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, alinitikisia kichwa. Nilimwelewa. Nikikubali mti usiosemwa, kesho kila mtu atakuja na kisima chake cha siri, na meza haipo tena. Nisipoukubali, mama huyu anaondoka, na kijito kinaondoka naye. Niliogopa, sioni haya kusema.

"Ngoja, bibi shamba," alisema Salumu. Utani ulikuwa umemtoka wote. "Narudia zamu yangu. Nafyeka. Nikifika pale kwenye kona, napita pembeni."

"Pembeni ya nini?" aliuliza Mratibu, ingawa yeye hakuwa mchezaji.

"Sijui, mama. Kuna kitu cha binamu pale. Napita pembeni."

Na hilo lilikuwa limesemwa mezani. Bi Zuhura alimtazama, akamwambia, "Kafie mbele na jembe lako," akakaa. Mchezo ukaisha salama, na msimu uliofuata kingo za kijito chenyewe ziliachwa.

Mratibu aliongea mara moja tu tukiwa njiani kurudi mjini. "Hiyo ya kupita pembeni tutaifundisha." Tukaifundisha kila tulikokwenda. Wapo waliojaribu kuficha ng'ombe kwa njia hiyo, lakini ng'ombe anakula, kwa hiyo walilazimika kumtaja.

Siku hizi wanafunzi wa chuo wanacheza michezo ya namna hii, ya majoka na mapanga, na wakisikia habari zangu wananijia. Shikamoo nyingi, kisha swali: kile mtu anachokiona mchezoni ni cha meza au ni chake? Nawaambia kilichosemwa ni cha meza. Kingine kina mwenyewe, nanyi mjifunze kupita.

Juzi nilikwenda Mlali kuhani, Bi Zuhura amefariki. Salumu, mzee sasa, alinitembeza kandokando ya kijito. Maji yapo. Tulifika mahali kinapokunja kona, palipokuwa na majani matupu, hata kisiki hakuna. Salumu aliacha njia, akazunguka kwenye majani mabichi, akairudia njia mbele.

Nikapandisha gauni langu kidogo, nikapita pembeni.