Themanini Ndiyo Mwisho Wake

Japheth hakuliharibu lile gari. Mimi Jerusha, mpishi wa nyumba ambayo yeye ni dereva, hapa Al Wakrah ughaibuni, nasema hivyo na nitarudia hata mbele ya polisi.

Gari lenyewe ni la marehemu babu wa familia, kuukuu kuliko mimi, na mimi nina wajukuu. Kwa miaka tisa Japheth ndiye aliyeliendesha. Kila Ijumaa alilitoa polepole, akaisikiliza injini, akalirudisha. "Dada, themanini ndiyo mwisho wake," alikuwa akiniambia. "Likizidi hapo, linalia." Baba, ndivyo tunavyomwita tajiri wetu, akimhimiza aongeze mwendo, alikataa kwa adabu. Madereva wenzake wakamcheka, ati dereva wa kobe.

Basi Velma, binti wa pekee wa Japheth, akawa anaolewa huko Kakamega. Baba akaahidi: Ijumaa peleka gari kwenye maonyesho ya magari ya zamani Lusail, kesho yake upande ndege. Suti Japheth alikuwa ameshainunua, ya kijivu. Alikuja kunionyesha jikoni, anajigeuza huku na huku utadhani bwana harusi ni yeye.

Ijumaa hiyo ya maonyesho mimi nilikuwa nyuma yake, kwenye gari kubwa la Baba, nimepakata sufuria ya wali. Barabara kuu watu wanakimbia mia na ishirini. Japheth kashika leni ya malori, themanini yake. Malori yenyewe yanampigia honi! Baba akampigia simu, akaweka spika.

"Yalla, haraka, Japheth! Unaniaibisha."

"Baba, injini haitaki."

"Unataka kusafiri au hutaki?"

Woi, nilitamani kupiga kelele, Japheth usikubali! Lakini nakula kwa mtu, nikafunga mdomo. Hilo sijajisamehe. Gari likatuacha. Mia. Mia na kumi. Dakika chache lilikwenda vizuri, Baba akacheka. Kisha moshi, kisha mlio wa chuma kwa chuma, likafia kando ya barabara. Injini ilikuwa imenoki, imekufa kabisa.

Baba hakutukana. Afadhali angetukana. Alisema tu, "Usukani uliushika wewe. Utasafiri gari likipona. Ukienda kabla, usirudi." Na vipuri vinaagizwa ng'ambo, miezi! Nyumbani kuna wadogo wawili wa Velma wako shule. Akipoteza kazi, angewasomesha na nini? Mnyonge hana haki, jamani.

Wiki moja baadaye, Jumamosi ya harusi, nilimpelekea chai gereji, nyuma ya nyumba. Nilimkuta ameketi ndani ya lile gari, kavaa suti. Simu kaiegemeza kwenye usukani. Velma yumo, na shela lake, mjomba kamshika mkono.

"Papa, naona uko kwenye gari! Unakuja?"

"Niko njiani, mama," akasema.

Boneti ilikuwa wazi. Ndani yake hamkuwa na injini.