Makopo Mawili ya Tui

Juzi, katika duka moja kubwa la Ukunda, nilimkuta bwana mmoja ameshika makopo mawili ya tui la nazi, moja la Thailand, jingine la Sri Lanka. Alikuwa akisoma kwenye simu maoni ya wanunuzi wa ng'ambo. Nami nilikuwa na langu mkononi, nikamwambia nimesoma kuwa la Thailand ndilo zito. Tukajadiliana kama wataalamu.

Mama yake, aliyechoka kumngoja kwenye tuktuk, akaingia.

"Mwanangu, wanunua nini?"

"Tui, mama. La wali wa leo."

Mama akayatazama makopo. "Na zile nazi nilizokuletea asubuhi?"

"Hizo zina kazi ya kukuna na kukamua, mama. Hili watu wengi wamelisifu."

Mama akaitengeneza leso yake begani, akasema polepole, "Basi usizitupe. Nitarudi nazo nyumbani kesho."

Yule bwana akaizima simu. Mimi nikajifanya nasoma maandishi ya kopo langu, uso umenishuka. Nilikuwa najua Mzungu nisiyemjua amelipatia kopo lile nyota ngapi. Kama minazi ya mama yangu mwenyewe, pale Msambweni, imezaa mwaka huu, sijui.