Walinzi wa Mlango wa Pili

Harufu ya samaki aliyevundikwa mtungini ikinipiga puani, basi tena, narudi mtoto kwenye ujia wa ghorofa yetu ya Deira, Dubai. Wapangaji wengine walikuwa wakifunga madirisha. Bibi yangu, mzaliwa wa Unguja aliyekulia ng'onda, alikuwa akiivuta harufu ile na kusema, "Huyu jirani ni mwenzetu."

Jirani mwenyewe ni Anti Tombi, Mmeitei wa Manipur, kule mashariki ya India, aliyekuwa akifanya kazi saluni. Yeye na Bibi walielewana kwa Kihindi cha sokoni, na mabakuli hayakwisha kuvuka ujia. Bibi hakurudisha bakuli tupu. Mkono mtupu haulambwi, akisema.

Mimi nilikuwa kupe wa Anti Tombi. Alinihadithia Kangla Sha, sanamu mbili kubwa zilizokuwa zikilinda lango la wafalme wao, mwili wa simba, pembe za kulungu. Waingereza walipowashinda vitani wakazivunja. Miaka zaidi ya mia zilibaki hadithi tu, mpaka zikajengwa upya, naye akampeleka mama yake kuziona. Mama mtu alilia hata shali yake ikalowa. Shali hiyo Anti Tombi alikuja nayo Dubai.

Siku moja akanifinyangia zangu mbili, za unga na chumvi, akazipaka rangi nyeupe. Nikaziweka dirishani, najiona malkia.

Bibi alipoziona aliguna. Kwetu sanamu ya kiumbe haiwekwi ndani, lakini alifundishwa kwamba ikikatwa kichwa haina neno. Hakutaka kunivunja moyo, wala kurudisha zawadi ya jirani. Akachukua kisu cha jikoni, akazikata vichwa taratibu, akazirudisha dirishani, roho yake kunjufu kabisa.

Jioni Anti Tombi akaja na bakuli la mchuzi. Akaziona. Akaliweka bakuli mezani, akatoka bila ya kuaga.

Siku zikapita mlango wake umefungwa. Nililia, nikamsimulia Bibi habari ya Waingereza. Akashika shavu. "Laiti ungelinambia mapema, mjukuu wangu."

Ijumaa akakanda unga kwa chumvi, kwa viganja vile vile vya maandazi, akaujaza kwenye lile bakuli la mchuzi, akaenda kugonga.

"Kufinyanga siwezi, dini yangu hainiruhusu," alisema. "Kukanda naweza. Watengeneze upya walinzi wako, wakae mlangoni kwako."

Anti Tombi aliubonyeza ule unga kwa kidole, akacheka huku machozi yakimtoka. Kesho yake walinzi wakasimama mlangoni kwake, na vichwa vyao. Mimi nilinuna wiki nzima, maana hawakuwa wangu tena.

Bibi alifariki nami nishakuwa msichana mkubwa. Siku ya matanga, mashekhe na jamaa wakipanda ngazi, nilichungulia ujiani. Anti Tombi alikuwa amewafunika walinzi wake kwa shali ya mama yake, wageni wetu wapite bila ya kukwazika. Hakuna aliyemwomba.

Utotoni nilidhani siku ile ya unga Bibi alishindwa, jirani akashinda. Kumbe wakilindana, na mimi nilikuwa nimenunia sanamu.