Pamba ya Ajida

Ndevu zangu hazijui kwenda mbele. Zinatoka kidogo, zinajikunja, halafu zinarudi kuingia ndani ya ngozi, na pale zinapoingia panaota kipele chenye usaha. Raia mwenye ndevu za namna hii anaachana na wembe na maisha yanaendelea. Mimi nilikuwa askari, na katika kambi yetu ya Lubumbashi askari alinyoa kila asubuhi, vita iwepo isiwepo.

Aliyehakikisha hilo alikuwa ajida wa kompania yetu, msimamizi wa nidhamu, mtu mrefu, mkavu, mwenye kichwa kilichonyolewa mpaka kikang'aa na kidevu laini kama cha mtoto anayenyonya. Katika mfuko wa kushoto wa shati aliweka kipande cha pamba. Saa kumi na mbili, tukiwa kwenye mstari, alipita mbele ya kila mmoja, akatoa pamba ile na kuipitisha shavuni, kutoka sikioni hadi kidevuni, polepole. Pamba ikiteleza, alisema “Bon” na kwenda kwa mwingine. Ikiacha hata unyuzi mmoja, alisema “Kasho”, na huyo alilala siku mbili katika chumba cha sementi bila blanketi. Hakupandisha sauti hata siku moja. Ningependelea apige kelele.

Kwangu pamba iliacha unyuzi karibu kila wiki, na wala si kwa sababu ya ndevu, ni vipele vilivyoikamata. Nilijaribu kila dawa niliyoambiwa: ndimu, shabu, mafuta ya taa, maji yaliyochemshiwa majani ya viazi. Sikulala kambini, nilikuwa na nyumba Kasungami, na kila alfajiri mke wangu aliwasha mbabula, jiko letu la makaa, akachemsha maji na kuniwekea kitambaa cha moto usoni ili ngozi ilegee. Shida yenyewe ilikuwa wembe. Miezi ile stoo ya kambi haikutoa tena kitu, mshahara ulikuwa umeisahau njia ya kwetu, sabuni tuligawana kwa kuikata na uzi. Wembe mmoja ulihudumia watu wanane, mpaka ukawa unang'oa badala ya kukata. Wenzangu waliniweka wa mwisho kwa sababu ya usaha. Siwalaumu.

Mwishowe muuguzi wa kambi alinihurumia. Aliniandikia karatasi yenye mihuri miwili, jina langu, anwani yangu ya Kasungami, na maneno kwamba nisinyoe kwa siku kumi na nne. Kesho yake kwenye mstari nikampa ajida. Aliisoma yote, hata akaigeuza nyuma ambako hakukuwa na kitu. Akaikunja mara nne, akaitia mfukoni pamoja na pamba yake.

“Karatasi hii iko ya ngozi,” akasema. “Miye naangalia ndevu.”

Akaagiza wembe uletwe. Nilinyoa palepale mbele ya kompania nzima, bila maji, bila sabuni, nimesimama wima. Damu ilishuka mpaka kwenye kola. Pamba ilipopita ilitoka nyekundu, akaiangalia, akasema “Bon”. Wiki ile taya lilivimba, homa ikanilaza, na chini ya sikio la kulia nilibaki na kovu refu ambalo wajukuu wangu wanadhani ni la risasi. Sijawahi kuwasahihisha. Nilimchukia mtu yule kwa moyo wangu wote, na niliapa kwamba siku moja mimi ndiye nitampitishia yeye pamba.

Vita ilikuwa inakuja kutoka mashariki, mji mmoja baada ya mwingine. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji, tuliambiana, na watu walinitazama mimi wakacheka. Wakubwa walitia maji mapema: walipakia magodoro na friji zao kwenye malori, wakaelekea Zambia. Asubuhi ya mwisho tulikuwa watu kumi na wawili tu kwenye mstari. Ajida alipita na pamba yake kama kawaida, alipomaliza akatazama kwa muda mahali walipotakiwa kusimama wengine, kisha akatuambia tupumzike. Saa nne mizinga ilisikika upande wa uwanja wa ndege, nami nikarudi nyumbani kwa miguu kupitia mashambani. Mke wangu alizika sare yangu na viatu vyangu chini ya matuta ya viazi vitamu.

Waasi walioingia mjini walitafuta askari wa zamani nyumba kwa nyumba, na walijua watazame wapi. Walitazama paji la uso, alama inayoachwa na bere, kofia ya jeshi. Walitazama vifundo vya miguu vilivyokwanguliwa na viatu vya jeshi. Zaidi ya yote walitazama kidevu, maana katika mji usio na sabuni, nani anayenyoa kila siku kama si askari? Wengi walipandishwa kwenye magari kwa sababu ya kidevu safi, na baadhi yao hatukuwaona tena. Basi nikaacha ndevu ziote. Siku ya kumi vipele vilikauka. Nilijipapasa shavu, chini ya ndevu nikakuta ngozi laini, haiumi, kitu nilichokuwa nimekisahau tangu nivae sare. Nchi imeanguka na mimi napona! Nilifurahi, na niliona haya kwa kufurahi.

Siku hizohizo, mchana, mke wangu akisonga bukari nje, ajida alitokea kwenye mahindi yetu. Alivaa suruali ya mtu mwingine, fupi, na hakuwa na viatu. Kidevu chake kiling'aa kama siku ya gwaride.

“Unajua hapa kwangu namna gani?” nikamwuliza.

Akatoa karatasi mfukoni. Ilikuwa karatasi yangu, imekunjwa vilevile mara nne.

“Adrese yako iko humu,” akasema.

Familia yake alikuwa ameipandisha treni miezi mingi nyuma, kurudi kwao, mbali, na hapa mjini hakuwa na ndugu. Tangu siku ya mizinga alikuwa amejificha kwenye karakana iliyofungwa. Nilisema kwa sauti, ili asikie, kwamba arudi kwenye karakana yake. Sikuona haya hata kidogo. Kidevu kile kikionekana kwangu, tungekufa sote. Mke wangu alinitazama mimi, akamtazama yeye, akaongeza unga kwenye sufuria.

“Mugeni siku mbili,” akasema, “ya tatu mupe jembe. Na jembe tuko nayo.”

Mpango ulitoka hapo. Angekaa kwenye chumba cha nyuma, nyuma ya magunia ya mahindi, mpaka ndevu zimfunike. Halafu angetoka na jembe begani kama mkulima yeyote, ashike barabara ya Kipushi na kuvuka mpaka wa Zambia. Tulihesabu wiki tatu. Nilimpelekea chakula mwenyewe, nikaweka sahani chini na kutoka bila neno.

Asubuhi ya tano niliingia nikamkuta ameketi juu ya gunia, mgongo umenyooka, wembe mkononi. Ulikuwa wembe mkuukuu wa mke wangu wa kukatia nyuzi, aliuokota kwenye kopo la sindano. Hakuwa na kioo wala maji. Mashavu yote mawili yalikuwa safi, kichwa pia, na siku zetu tano zilikuwa zimelala sakafuni.

“Ajida, unafanya nini?”

“Nanyoa,” akajibu, akishangaa swali.

“Jana bamekuya kutafuta ku nyumba ya jirani! Unataka tufe bote?”

Akautazama mkono wake. “Tangu naingia jeshi, jua haijaniona na ndevu ku uso,” akasema. “Mukono inaenda yenyewe.”

Nilimshika mkono huo nikamvuta kuelekea mlangoni. Nilitaka kumtoa barabarani mchana kweupe, na ningemtoa. Mke wangu ndiye aliyesimama katikati. Alimnyang'anya wembe taratibu, kama anavyonyang'anywa mtoto kisu, akaenda kuutupa chooni, akarudi akipangusa mikono kwenye kikwembe alichojifunga.

“Inaisha,” akasema. “Tunaanza tena siku ya kwanza.”

Safari hii ndevu ziliota. Zilitoka safi, zimenyooka, bila kipele hata kimoja, jambo ambalo liliniuma sana. Lakini zilitoka nyeupe. Kidevu cheupe, mashavu meupe, na kichwani nywele nyeupe tupu. Mwisho wa wiki ya pili, juu ya gunia langu alikuwa ameketi mzee ambaye sikuwahi kukutana naye. Kambini nilimkadiria miaka hamsini. Sasa niliona ameipita zamani, na amepita pia umri wa kustaafu.

“Ajida,” nikamwuliza, “uko na miaka ngapi?”

Alijipapasa kidevu. “Soldat muzee banamutosha ku kazi,” akasema. “Na ule banatosha, nani anamulisha?”

Nilikumbuka wazee wa geti la kambi, askari waliostaafishwa, waliokaa chini ya ukuta kila siku wakingoja pensheni ambayo haikuletwa. Tuliwapita kila asubuhi, na yeye aliwapita pamoja nasi, kidevu juu. Kumbe kila asubuhi alikuwa anaukwangua uzee wake usionekane. Sikumsamehe siku ile, nisidanganye. Ila nilianza kukaa naye wakati anakula.

Wiki tatu zilipotimia, alivaa shati langu la shambani. Mke wangu alimfungia viazi kwenye kitambaa na kumpa jembe. Kabla hajatoka nikanyoosha kiganja.

“Lete pamba.”

Alikuwa bado nayo, imekuwa ya kijivu. Akanipa. Halafu, bila kuambiwa, akaunganisha visigino, akainua kidevu, akakaza macho juu ya mlango. Nilipitisha pamba kutoka sikioni hadi kidevuni, polepole kama alivyofanya yeye. Ilinasa kila mahali, ikachanika, vipande vikabaki kwenye ndevu. Kwa sheria yake kulikuwa na neno moja tu la kusema, na neno hilo nilikuwa nimelitunza kwa miezi. Alikuwa anaogopa kweli.

“Bon,” nikasema.

Nilimsindikiza, kwa kuwa hakuijua njia ya mashambani na mimi niliamini ndevu zangu. Mahali tunapoingia barabara kubwa palikuwa na kamba iliyokatiza njia na watu watatu wenye bunduki. Walipomwona ajida, mmoja aliteremsha kamba mwenyewe.

“Pita, papa. Jua iko kali.”

Akapita. Kamba ikapanda mbele yangu. Mimi nilikuwa kijana, mwenye mabega. Waliniambia nivue sandali, na mmoja akainama kutazama vifundo vyangu. Mwingine alinishika kidevu, akazitenganisha ndevu kwa vidole mpaka akaliona kovu.

“Huyu ni askari,” akawaambia wenzake.

Nilimtafuta ajida kwa macho, nikaona mgongo wake. Alikuwa upande wa pili, huru, njia ya Kipushi nyeupe mbele yake, na mimi katika nafasi yake ningeendelea kutembea. Akageuka. Alirudi mpaka kwenye kamba, akalisimamisha jembe chini.

“Uyu iko mutoto yangu,” akasema, kwa sauti ileile ya asubuhi za kambi, isiyopanda. “Angalia muzuri ngozi yake. Ngozi hii inakatala wembe. Unamunyoa leo, kesho anaota usaha, siku ya tatu anashikwa na homa. Soldat ananyoa kila siku. Na ngozi hii, angenyoa kila siku namna gani?”

“Na kovu?”

“Kovu ni ya miye. Nilimunyoa na nguvu, mbele ya bantu.” Akalitazama kovu. “Alinielezaka. Sikumusikia.”

Yule mtu alitazama kidole chake, akagusa alama za vipele vya zamani shavuni kwangu, akauachia uso wangu na kupangusa mkono kwenye suruali. Nafikiri aliogopa kuambukizwa. Kamba ikashuka.

Tulitembea pamoja mpaka kwenye kona. Hapo akanipa mkono, mfupi, kama afisa anavyompa mkono askari, akaweka jembe begani na kwenda. Nilirudi kwa njia ya mashambani. Baadaye mfanyabiashara wa Kipushi alituambia kwamba mzee mwenye jembe alionekana amevuka, zaidi ya hapo sijui.

Jioni mke wangu alipokwenda kukunja blanketi nyuma ya magunia, alikuta karatasi yangu. Siku zake kumi na nne zilikuwa zimepita zamani. Upande wa nyuma, ule ambao ajida aliwahi kuugeuza akakuta hauna kitu, sasa kulikuwa na maandishi ya kalamu ya risasi, mistari imenyooka: Exempté de rasage. Durée : sans limite. Yaani askari huyu asinyoe, na muda hauna kikomo. Chini yake cheo, na sahihi. Hakuwa na jeshi tena, wala kambi, wala muhuri, lakini alitia sahihi. Hiyo ndiyo amri yake pekee niliyoipokea bila kunung'unika, na naitii mpaka leo.