Kiko cha Mzee Kasiani

Siku yangu ya kwanza kazini, Bwana Nyama wa Ifakara, yaani mkubwa wetu wa mambo ya wanyama pori, alinipa kofia, daftari na onyo: "Wavuvi watakudanganya. Usiandike usichokiona." Kunionya mimi! Mimi ambaye hata nikikaribishwa chai nachungulia kwanza kikombeni.

Miaka ile ya hamsini viboko walikuwa wamewindwa hadi karibu kuisha. Bwana Nyama alilifunga bwawa kubwa la mtoni, mtu asitege wavu pale mpaka viboko wafike thelathini. Waliolitegemea wakabaki kubangaiza. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu. Na nani alipewa kunisukumia mtumbwi? Mzee Kasiani, mvuvi wa bwawa lile lile! Roho yangu haikutulia hata kidogo.

Kiboko huzama kitambo, kwa hiyo ukihesabu walio juu tu, unawakosa walio chini. Mzee alikuwa na utaratibu wake. Anachomeka upondo topeni, mtumbwi unatulia, anawasha kiko. "Mpaka tumbaku iishe, mwanangu, kila mmoja atakuwa ametoa pua. Wewe shika tu kila mmoja yuko wapi."

Dalili njema zilikuwepo, sikatai. Njia mpya za viboko zilikata matete. Sheshe, wale swala wekundu wa bondeni kwetu, walishuka kunywa makundi kwa makundi. Kisha ndama wa kiboko akatokeza juu ya mgongo wa mama yake, na Mzee akacheka kwa sauti. "Umeona? Wamerudi!"

Nikajisemea, huyu anafurahia samaki, hana haja na ndama. Na mbona kiko chenyewe hakiishi? Bila shaka anataka niwahesabu wale wale mara mbili.

"Mzee, twende."

"Bado, baba. Hata nusu hakijafika."

"Nimesema twende. Nimeshahesabu."

Nikaandika kumi na tisa. Bwawa likafungwa mwaka mwingine mzima.

Mwaka uliofuata Bwana Nyama alikuja mwenyewe, na msukuma mtumbwi mwingine. Alikaa saa nzima akihesabu. Thelathini na wanne. "Karibu wote ni wakubwa," akaniambia. "Mwaka jana walikuwepo. Wewe ulikaa muda gani hapa?" Nilimweleza ukweli, na aibu ilinishika mpaka masikioni.

Sasa nimestaafu, niko Lipangalala, na bado simwamini mtu haraka. Lakini siku niliyompelekea Mzee Kasiani habari hainitoki moyoni. Alikuwa amehamia Kibaoni, analima mpunga wa watu. Nikapiga hodi, nikagonga mlango, akafungua.

"Shikamoo, Mzee. Nisamehe. Bwawa limefunguliwa, chukua mtumbwi wako urudi."

"Marahaba," akasema, hana hata hasira. Akaugusa ule mlango, ubao mmoja mzito uliopinda kidogo. "Mtumbwi wenyewe ndio huu uliokuwa unaugonga."